Kinundu cha Shimo la Saba

4 Februari

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi mjomba wako. Mimi mzima, ila goti la kushoto, na hilo si ugonjwa, ni ubishi, limenifuata mwenyewe. Mama yako mzima. Ijumaa nilikwenda kwake kunywa chai kama kawaida. Akachungulia dirishani, akaona ni mimi, nikasikia funguo za kabati. Viatu vyote ndani, hata vile vya marehemu baba yako, ambavyo mwenyewe hana haja navyo mwaka wa tisa huu. Ndipo akafungua mlango akasema, "Karibu." Nikanywa chai vikombe viwili, nikaondoka na miguu yangu.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, sikumtuma mtu. Watu wanasema mimi sijui kuandika. Nilisoma elimu ya watu wazima miezi minne, nikaacha kwa sababu mwalimu alikuwa hana jipya. Simu sitaki. Kwenye simu mtu anakukatiza. Kwenye barua nikatize tuone.

Vyoo nimeacha kuchimba lakini watu hawaachi kuja kuniita. Nimechimba vyoo mia mbili na kumi na moja, hakuna kilichotitia hata kimoja. Mtaa mzima huu wananikalia kila asubuhi na hakuna anayesema ahsante. Sijisifu, nahesabu tu.

Sasa neno lenyewe. Mama yako kaniambia umepata kazi kule kwenye uwanja wa gofu, kazi ya kutembeza wageni. Aliniambia huku anatazama miguu yangu. Hongera. Uwanja ule mimi naujua, usiniulize naujuaje. Nataka unijibu jambo moja tu. Ukitoka kwenye nyumba ya klabu, ukavuka kijito, ukapanda mpaka shimo la saba, kulia kwako kuna kinundu, kimo chake kinanifika kifuani. Kipo? Kimetitia au hakijatitia? Nenda ukakitazame, usikikanyage.

Ni mimi mjomba wako, fundi.


26 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi sana kupata barua yako, ingawa gundi uliyopaka kwenye bahasha ingetosha kubandika mlango. Nimeifungua kwa kisu na nusu ya salamu zako zimebaki ndani ya bahasha. Naamini zilikuwa nzuri.

Sisi huku hatujambo. Binti yangu amefaulu mtihani wake wa udereva mara ya tatu, na aliyemsimamia ameomba likizo. Mimi nimepanga chumba karibu na lango la nyuma la uwanja. Dirisha langu linatazama banda la mashine za kukatia nyasi, na saa kumi na moja alfajiri zinaniamsha zote kwa pamoja.

Mjomba, umejuaje habari za kinundu? Kinundu ndicho fahari yetu! Hakijatitia hata kidogo. Ngoja nikueleze kama ninavyowaeleza wageni. Uwanja huu una miaka mia moja na minne, na aliyeuanzisha hakuhamisha udongo hata wa kujaza kijiko. Alitembea humu mwezi mzima na fimbo, na kila ardhi ilipomkubalia alifunga kitambaa. Shimo la kwanza linafuata bonde lilivyo. Kwenye la tatu mpira unavuka kijito mara mbili, kwa sababu kijito chenyewe kimejipinda na hakuna aliyekinyoosha. Yale mashimo ya mchanga ni mahali kondoo wa zamani walipokuwa wakijilaza kukwepa baridi. Wageni wanatoka mbali kuja kuona nyasi zinavyolala juu ya ardhi bila kulazimishwa.

Na kwenye la saba ndipo kinundu kilipo. Kipo kimoja tu, hakina mwenzake. Mpira ukikigusa unakwenda kushoto, hata ukiusihi. Mtaalamu mmoja ameandika kijitabu kizima juu yake. Anasema ni kazi ya upepo wa magharibi, miaka elfu nne, punje kwa punje.

Njoo utembee, mjomba. Ila njoo kabla ya Juni, au Juni yenyewe. Mwezi huo inakuja tume ya urithi. Wakiridhika kwamba ardhi hii haijaguswa na mkono wa mtu, italindwa na hakuna atakayeigusa tena. Wasiporidhika, wenye uwanja wameshapata mnunuzi anayetaka kujenga maghala, na sisi wafanyakazi thelathini na watano tutafute pa kwenda. Kwa hiyo kila siku namwombea dua upepo wa magharibi.

Mpwa wako.


19 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Afya yangu sitaisema maana nimekasirika na mganga wa zahanati kasema nisikasirike. Mama yako hajambo, paka wake kazaa ndani ya kapu la nguo. Kabati limeongezwa kufuli la pili. Si kwa ajili ya paka.

Upepo? Upepo gani? Miaka elfu nne? Mpwa wangu, kile kinundu ni cha Jumatatu. Kilianza asubuhi, kikaisha kabla jua halijazama, na katikati nilipumzika nikala. Nimekijenga mimi kwa mikono hii miwili nikiwa na miaka ishirini na sita na mgongo kama mlingoti. Upepo unajua kushindilia? Upepo una sururu? Nimekaa duniani miaka sabini na mitatu, upepo unavuma kila siku, na uani kwangu haujawahi kuniletea hata kichuguu. Huyo mtaalamu aje hapa anionyeshe upepo unaoshika jembe.

Unasema hakijatitia. Nilijua. Vyoo mia mbili na kumi na moja, na kinundu kimoja. Na sifa anapewa hewa!

Usiniulize nilikijenga kwa nini. Hilo halikuhusu, halimhusu mama yako, wala halihusu tume. Kuja kwenyewe sitakuja. Goti. Lakini nipe anwani ya huyo mtaalamu nimwandikie mistari miwili mitatu. Bahasha ninayo na gundi bado ipo.

Ni mimi mjomba wako, mwenye kinundu.


10 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hasira imepungua. Huku mvua zimeanza na kijito kimejaa, wachezaji wanapoteza mipira na kutulaumu sisi, kana kwamba tumekinywesha.

Anwani ya mtaalamu sikupi. Nisamehe, lakini soma tena barua yangu ya Februari, pale niliposema juu ya mkono wa mtu. Mstari wako mmoja ukimfikia, nitakuwa nawatembeza wageni kati ya maghala. Sijui kama ulichoandika ni kweli au ni zile habari zako za siku ulipomfundisha kazi mhandisi wa daraja. Nakuomba tu usimwandikie.

Sasa nami nina swali. Juzi mlinzi wa lango la nyuma, ambaye sote tunamwita Kanuni, alikuwa akifyeka mimea iliyotambaa ukutani ili tume ikute pasafi. Nyuma ya majani kukatokea kibao cha mbao, maandishi mekundu: MWIZI WA VIATU VYA PUNDA HARUHUSIWI KUINGIA. Nilicheka hadi nikakaa chini. Kanuni hakucheka. Nikamuuliza ni nani huyo.

"Simjui," akasema, "lakini nikimwona haingii."

"Utamtambuaje?"

"Atakuwa na viatu. Hili ni agizo la kikao, dada, na hakuna kikao kilicholitengua."

Nikaenda kumuuliza fundi wa mashine, ndiye mzee kuliko sisi sote hapa. Akaniambia kwamba zamani mashine ya kukatia nyasi ilivutwa na punda, na punda alivalishwa viatu vya ngozi, miguu yote minne, kwato zisitoboe majani. Punda akapotea, na viatu vikapotea pamoja naye, na mwendesha punda akafukuzwa. Jina amelisahau. "Alikuwa kijana mmoja," akasema, "anajisifu hata akinyamaza."

Hapo kicheko kikaniishia. Tangu nipate akili namwona mama akifungia viatu kabatini ukija. Nilidhani ni utaratibu wa nyumba yetu, kama wengine wanavyofungia kuku. Sikuwahi kuuliza. Sasa nauliza. Mjomba, ni wewe?

Mpwa wako.


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hujanijibu. Mama ananiambia Ijumaa tatu hujaenda kunywa chai. Anasema kabati liko wazi tu, hana sababu ya kulifunga, na kwamba hilo linamkera kuliko kulifunga. Kama umeumwa, mwambie jirani anipigie. Kama umenuna, nuna kwa maandishi.

Mpwa wako.


22 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Sijaumwa. Goti limepona, kwa hiyo hata la kusingizia sina. Chai nimekwenda jana. Makufuli mawili.

Barua hii imenichukua siku sita na kalamu mbili. Ikae kwako.

Ni mimi. Lakini si mwizi.

Punda wetu tulimwita Meneja, kwa sababu alifika kazini akitaka na kusimama akitaka. Miaka tisa nimetembea nyuma yake. Kila asubuhi namvalisha viatu, vinne, kamba nane, na yeye ananyanyua mguu mmoja mmoja kabla sijamwambia. Uwanja mzima ule unaousifia, ile ardhi inavyolala, mimi na Meneja tumeijua kwa miguu kabla mtaalamu wako hajazaliwa. Kuna bonde kwenye shimo la pili ambalo macho hayalioni. Meneja alikuwa analipunguzia mwendo.

Akazeeka. Katibu wa klabu wa siku hizo akasema punda akizeeka auzwe kwa wachuna ngozi. Basi kila asubuhi kabla ya viatu nikawa nampaka mvi za usoni dawa ya viatu nyeusi. Katibu akapita akasema, "Huyu punda mbona anazidi kuwa kijana?" Nikamwambia ni nyasi zenu.

Jumatatu uwanja hufungwa, ndiyo siku ya kukata majani. Tulikuwa tunapanda la saba, akasimama. Nikasema twende. Hakwenda. Nikaona ni umeneja wake, nikakaa chini nikala muhogo wangu, nikamngoja. Baadaye nikamshika shingo, nikakuta nilikuwa namngoja maiti. Alikuwa ameegemea miti ya mashine, kafa amesimama. Hata kufa alikufa alipopenda yeye.

Ningesema, wangemchuna. Sikusema. Nilikata majani pamoja na mizizi yake nikayakunja kama mikeka. Nikachimba shimo jembamba, upana wake mwenyewe, maana kesho yake kulikuwa na mashindano na pasingetakiwa kuonekana kovu. Nikamteremsha kwa mbao na kamba, amesimama vile vile, nikamkaza kwa mawe ya kijitoni. Akakaa kama anasubiri nimwambie twende. Nikafukia. Udongo ukabaki, mwingi kama yeye. Mkokoteni wa kuuhamisha ulikuwepo, lakini wa kuukokota yumo shimoni. Ningefanyaje? Nikaulundika papo hapo, nikaushindilia mpaka jioni, nikautandikia majani yake.

Jumanne wachezaji wakaja. Mmoja akasema, "Kumbe hapa pana kinundu?" Mwenzake akamwambia, "Kipo miaka yote, wewe huna macho." Hivyo ndivyo kilivyopata umri.

Nikasema Meneja katoroka. Walikubali. Wote walimjua. Ila hawakukubali kwamba katoroka na viatu. Katibu aliita kikao, watu saba wenye tai wakabishana saa nzima kama punda anaweza kutoroka na viatu, mmoja akasema labda viwili vya mbele, wengine wakakataa. Nikafukuzwa. Kibao nilikisikia, sijakiona. Herufi zake nzuri?

Utaniuliza kwa nini sikumvua kwanza. Miaka tisa, mpwa wangu. Nimvue viatu nimzike peku?

Mama yako wakati huo alikuwa kwenye chumba cha kufulia taulo za klabu, hapo hapo. Hilo hakukwambia. Siku ile ile wakamtoa naye, ndugu wa mwizi. Jioni akaniuliza mara moja tu, "Viatu viko wapi?" Nikamjibu, "Viko miguuni kwa mwenyewe." Akanipiga kofi. Tangu hapo ni funguo. Mara nyingi nimetaka kumweleza, lakini ukianza na neno punda na yeye anainuka kwenda jikoni.

Sasa nimeamua. Siku ya tume nitakuja na jembe. Nitafukua mbele yao wote, viatu vinne vitatoka, mama yako ataletewa avione, na huyo upepo atafute kazi nyingine. Miaka arobaini na saba inatosha.

Ni mimi mjomba wako, si mwizi.


3 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nimekaa nikaisoma tena.

Njoo. Tume inafika tarehe kumi na nane, saa nne asubuhi. Sitakuzuia. Nilianza kuandika barua ya kukuzuia nikaichana, kwa sababu nami ningekuwa kama wale saba wenye tai. Nitasema tu yaliyopo. Tuko thelathini na watano. Fundi wa mashine amebakiza mwaka mmoja astaafu. Chumba cha kufulia taulo bado kipo, na anayefua ni mwanamke mmoja mwenye mdogo wake mkorofi. Huwa ananieleza vituko vyake kila siku, na kila siku nakukumbuka. Basi. Jembe ni lako.

Kuhusu lango. Kanuni nimemweleza kwamba mwenye kibao anakuja, maana yeye ukimficha jambo anapandisha homa. Amelifikiria siku mbili. Uamuzi wake ni huu: kibao kinakataza wizi wa viatu. Mtu akiingia peku na akatoka peku, wizi haujatokea. Utaacha viatu vyako langoni, utavichukua ukitoka. Nimejaribu kumbembeleza, akasema hapo ndipo mwisho wa huruma yake.

Mpwa wako.


23 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na pole na safari. Umeondoka bila kuniaga! Nimesikia kwa jirani kwamba umefika salama. Na viatu vyako umevisahau langoni. Kanuni amevifungia kabatini.

Mjomba, ulisema nini pale juu?

Mimi nilikuona langoni tu. Nilikuona umevaa koti la harusi na jembe begani. Kanuni alikuwa amesimama wima, na ulipomwambia, "Kijana, mimi nimevuka lango hili wewe ukiwa bado hujapangiwa mama," akakujibu, "Viatu, mzee." Ukavivua ukavipanga. Kisha katibu akanituma barazani nikapange vikombe vya wageni, nikakukosa.

Kutoka barazani niliona hivi. Uliwapita wajumbe wa tume wote, peku, kwenye umande. Mtaalamu wa kijitabu akakutazama miguu. Akakufuata. Nilimsikia akiwaambia wenzake, "Tazameni, mzee huyu anaisoma ardhi kwa nyayo," na wote wakaanza kwenda nyuma yako mmoja mmoja, wawili wakavua viatu vyao. Mkavuka kijito. Kwenye shimo la pili ulipunguza mwendo mahali ambapo hapana kitu, na wote wakapunguza. Halafu mkapanda la saba. Ukasimama juu ya kinundu. Ukainua jembe. Nilikuwa nimeshika birika, chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikamwagikia kitambaa, sikuona. Ulikaa hivyo muda mrefu. Kisha ukalishusha jembe taratibu, ukasema kitu, na watu wakapiga makofi.

Tumepita, mjomba! Uwanja umeingia kwenye urithi, hautauzwa. Wafanyakazi wamelia, na fundi wa mashine kaziwasha zote banda zima bila sababu.

Jambo moja nakwambia kwa aibu. Niliomba kibao chako king'olewe. Katibu akakubali, tukaleta nyundo. Tume ikatuzuia. Wamekiandika kwenye orodha, kwa kuwa ni cha zamani na hakijaguswa. Sasa kinalindwa. Atakayekitoa atashtakiwa.

Na jingine. Jumapili nilikwenda nyumbani. Uliniambia barua ile ya Mei ikae kwangu. Nilimsomea mama. Nisamehe. Aliinuka kwenda jikoni kwenye neno punda kama ulivyosema, nami nikamfuata jikoni nikiendelea kusoma. Nikasoma mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: "Alikuwa amevaa vyote vinne?" Nikasema vyote. Akageuka akaosha kikombe kilichokuwa kisafi.

Ulisema nini, mjomba?

Mpwa wako.


8 Julai

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mganga wa zahanati kanisikiliza kifua akasema naweza kukasirika kidogo.

Hasira za barua kusomwa nimekuwa nazo siku tatu. Zimekwisha. Usirudie.

Umeuliza nilisema nini. Nilikwenda na nia moja, kufukua, hilo ulijue. Nilipopanda juu nikapima kwa kisigino. Nakwambia hakijatitia hata unene wa ukucha. Miaka arobaini na saba, mvua zote zile! Hakuna fundi mwingine. Nikainua jembe. Hapo nikaona mambo mawili. Chini kule kando ya kijito wamepangwa wafanyakazi wako, wamepiga nguo pasi, na yule wa taulo kasimama mwisho na taulo zake mkononi, kasahau kuziweka chini. Na la pili, nyayo zangu zilikuwa peku juu ya kichwa cha Meneja, na nikafikiri, nikimfukua, kitu cha kwanza watakachofanya ni kumvua viatu. Waviweke kwenye kioo. Wamwache yeye hivi hivi.

Yule mtaalamu akanisogelea polepole kama mtu anayemkaribia kuku wa kutaga. Akasema, "Mzee wetu, miguu yako inakwambia nini? Nani aliyefanya kazi hii?"

Mpwa wangu, nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni, limeshavaa kofia. Nikalimeza. Liliteremka kama mfupa.

Nikasema, "Upepo."

Akauliza, "Wa upande gani?"

Nikamwambia, "Wa magharibi, kama ulivyoandika. Ila ulikuwa upepo hodari sana. Siku hizi hakuna upepo kama ule." Akaandika yote. Wakapiga makofi. Mmoja akataka kunisaidia jembe, nikamwambia ni mkongojo. Nikateremka nikapita lango la mbele, ambalo halina kibao, nikapanda basi. Viatu sikuvisahau. Sikutaka kurudi pale Kanuni aone macho yangu.

Kibao kiache. Wakija wageni wasomee kwa sauti. Ina maana nimo kwenye urithi mara mbili, mbao na udongo, na huyo mtaalamu wako hayumo hata mara moja.

Sasa ya huku. Ijumaa nilikwenda kunywa chai. Nilikwenda peku maana sina vingine. Nikafika, pazia halikuchezeshwa, funguo sikuzisikia. Nikatazama chini. Nje ya mlango, kwenye mkeka, viatu vimepangwa. Ndara zake, viatu vyake vya safari, raba zako ulizoacha mwaka juzi, na vile vya marehemu baba yako, vimepigwa rangi. Vyote nje, mbele ya mtu yeyote mwenye nia mbaya. Nikasimama hapo, sikujua niweke wapi mikono.

Mama yako akafungua. Akanitazama uso, halafu miguu, kama kawaida yake. Akauliza,

"Viatu viko wapi?"

Nikamwambia, "Viko uwanja wa gofu."

Akashika kizingiti. Nikajua kofi linakuja, nikafumba jicho moja. Alikuwa anacheka, mpwa wangu. Alicheka mpaka akakaa chini pale pale katikati ya viatu, anajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akasema, "Mjinga wewe, pita, chai inapoa."

Mwambie Kanuni asinitumie vile viatu. Vikae huko.

Ni mimi mjomba wako, upepo.